Likizo ya gofu Uganda: baba asiende peke yake



Ndugu wasomaji, kila likizo ya shule inapokaribia tunapokea maswali ya aina moja kutoka kwa jamaa zetu walioko Mombasa, Dar es Salaam, Kigali na hata Muscat: safari hii watoto tuwapeleke wapi? Siku hizi swali hilo limeota mkia. Baba anacheza gofu. Wenzake kazini wamemfundisha, amenunua fimbo, na sasa anataka likizo iwe karibu na uwanja mzuri. Mama naye anauliza: sisi wengine tutakuwa tunafanya nini saa zote hizo?

Swali la mama ndilo lililotusukuma kuandika. Matangazo ya safari za gofu humjibu baba tu: uwanja una mashimo mangapi, nyasi zake zikoje, hoteli iko umbali gani. Mama na watoto hutajwa mwishoni, kwamba kuna bwawa la kuogelea. Sisi tunaoishi huku Kampala tunaona kwamba mwenye familia aanze kupanga safari yake na swali la mama. Na mahali ambapo swali hilo lina jibu zuri, ingawa wengi hawapafikirii, ni hapa hapa Uganda, katika ukanda wa Ziwa Victoria kutoka Entebbe hadi Kampala na Jinja.

Mchezo hauna neno, muda ndio wenye neno

Wapo watakaosema gofu ni mchezo wa wazungu na matajiri, Muislamu una nini nao? Ni kweli kwamba viwanja vya kwanza huku kwetu vilianzishwa na wakoloni kwa ajili yao wenyewe. Lakini wakoloni wamekwenda zao na nyasi zimebaki. Ndani ya mchezo wenyewe kuna kutembea. Anayemaliza mashimo 18 kwa miguu huwa ametembea kama kilomita saba hadi kumi, kwenye hewa safi, mbali na simu na msongamano. Kwa mtu anayekaa ofisini kutwa, hiyo ni neema kwa mwili.

Tatizo liko kwenye saa. Mashimo 18 huchukua saa nne hadi tano. Ongeza muda wa kujiandaa, wa kula na wa kukaa na wenzako kwenye jengo la klabu mkisimuliana mpira ulivyopotea, siku imekwisha. Akicheza hivyo siku nne katika likizo ya siku sita, familia imebakiwa na siku mbili. Fedha zilizotumika ni za nyumba nzima, aliyepumzika ni mmoja. Mke ana haki yake na watoto wana haki yao, na haki hizo hazisimami kwa sababu tumevuka mpaka.

Kwa hiyo tunapotazama mahali pa kwenda, tusiulize tu kama kuna uwanja mzuri. Tuulize: baba akiwa uwanjani asubuhi, mama na watoto wako wapi, na je, adhuhuri wote wanaweza kukutana bila kupoteza saa mbili barabarani?

Kwa nini Uganda?

Wengi wakisikia gofu na joto hutaja Dubai. Hatuna ugomvi na Dubai. Emirates Golf Club ilifunguliwa mwaka 1988 na ndiyo iliyoleta uwanja wa kwanza wa nyasi wa mashimo 18 katika ukanda ule wa jangwa. Lakini familia zenye watoto wa shule hupata nafasi Julai na Agosti, na miezi hiyo joto la Ghuba hupanda hadi nyuzi 40 na zaidi. Watoto hujifungia kwenye maduka makubwa yenye viyoyozi, na kila anayeingia dukani na watoto anajua anatokaje. Wengine hutaja pwani ya Kenya, ambako viwanja ni vizuri mno, lakini kwa ndugu zetu wa Mombasa huko si safari, ni nyumbani.

Uganda ni nchi ya joto lisilochoma. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Kampala ipo juu kidogo ya hapo. Mchana kwa kawaida ni nyuzi 25 hadi 29, usiku unajifunika shuka. Mvua kubwa ni za Machi hadi Mei, na nyingine Septemba hadi Novemba. Katikati yake, yaani Juni hadi Agosti, na tena mwisho wa Desemba hadi Februari, ndiyo miezi mizuri ya kucheza. Hata hivyo karibu na ziwa mvua inaweza kushuka siku yoyote, kwa hiyo mwavuli usikosekane kwenye mfuko wa fimbo. Kwa ndugu zetu wa Oman, likizo yao ndefu inaangukia katika miezi hiyo ya katikati ya mwaka. Wanakimbia jua la Muscat, wanafika mahali ambapo wanaweza kuzungumza Kiswahili.

Na gofu huku haikuanza jana. Uwanja wa Entebbe ni wa mwanzoni mwa karne iliyopita, miongoni mwa vikongwe kabisa Afrika Mashariki. Klabu ya Uganda ya Kitante, katikati ya Kampala, ilianzishwa mwaka 1908. Jinja kuna uwanja wake, na Kigo, kando ya ziwa kati ya Entebbe na Kampala, kuna mwingine wa kisasa. Anayependelea Rwanda naye ana pa kwenda: uwanja wa Kigali uliochorwa upya na kampuni ya Gary Player ulifunguliwa mwaka 2021. Lakini uzuri wa Uganda ni kwamba viwanja vyake vikuu vimepangana kwenye njia moja, na kila kimoja kina jirani wa kumjibu mama.

Entebbe: siku mbili za kwanza

Ndege inatua Entebbe, na uwanja wa gofu hauko mbali na uwanja wa ndege. Hakuna haja ya kukimbilia Kampala siku hiyo hiyo na kukaa kwenye foleni na watoto waliochoka. Laleni Entebbe.

Asubuhi baba akienda kucheza, familia iende kwenye bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1898. Ndani yake kuna miti mikubwa kutoka pande nyingi za dunia, ndege wa kila rangi, na mbega wanaoruka juu ya vichwa vya watu. Kuna pia bustani ya wanyama, iliyoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, ambako mtoto atamwona simba na kifaru bila safari ya siku nzima ya gari. Siku ya pili wote pamoja, na baba akiwemo, mpande boti hadi kisiwa cha Ngamba, ambako tangu mwaka 1998 sokwe waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wafanyabiashara wanatunzwa. Hakikisheni kila mtoto amevaa jaketi la kuokolea kabla boti haijaondoka. Tena msiogelee ovyo ufukweni, kwani ziwa hili lina kichocho.

Kampala: gofu asubuhi, historia mchana

Kutoka Entebbe hadi Kampala ni kama kilomita 40. Kuna barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2018, na kwa familia yenye watoto tozo yake inastahili.

Uwanja wa Kitante umelala bondeni katikati ya jiji, maghorofa yakiuangalia kutoka juu. Mahali pa kula na maduka yapo jirani. Jumba la makumbusho la Uganda haliko mbali, nalo lilianzishwa mwaka huo huo wa 1908. Watoto wataona nyumba za asili, ngoma na vyombo vya kale. Baba akimaliza shimo la mwisho, kuwafuata ni dakika chache kama foleni imekubali.

Kampala pia ina somo ambalo wanafunzi wetu hawalipati kwenye vitabu vingi vya shule. Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844, Ahmed bin Ibrahim alipofika kwenye baraza la Kabaka Suna, na ulikuja kwa njia zile zile za biashara zilizounganisha pwani na bara. Mwende Kibuli, kwenye msikiti uliojengwa juu ya kilima katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, ukawekewa jiwe la msingi mwaka 1941 na kukamilika mwaka 1951. Mwende Kampala ya Kale, kwenye Msikiti wa Taifa uliokamilika mwaka 2006. Huko wageni huruhusiwa kupanda mnara wenye ngazi zaidi ya 300, na juu unaiona Kampala yote na vilima vyake. Vijana watapanda mbio, na wazee watajua gofu imewasaidia au haikuwasaidia!

Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha Waislamu Uganda ni karibu asilimia 14 ya wananchi. Tu wachache, lakini tupo tangu zamani na misikiti haiko mbali. Ni vizuri mtoto aliyekulia mahali ambapo adhana inasikika kila upande aone pia wenzake wanavyoishi dini yao wakiwa wachache, kwa amani na majirani zao.

Jinja: mahali Mto Nile unapoanza safari

Jinja ni kama kilomita 80 mashariki ya Kampala, njia ikipita kwenye msitu wa Mabira. Uwanja wake ni mdogo, wa mashimo tisa, na tunaona hiyo ni faida, kwa sababu mashimo tisa ni saa mbili hivi na baba amerudi. Wacheza gofu wanaufahamu kwa jambo moja la kuchekesha: mpira ukiangukia kwenye unyayo wa kiboko, kanuni ya pale inakuruhusu uusogeze bila adhabu. Viboko walikuwa wakipanda kutoka majini usiku kula majani.

Hapo Jinja ndipo Nile inapotoka ziwani kuanza safari ya zaidi ya kilomita 6,000 hadi Bahari ya Kati kule Misri. Pandeni boti mkapaone. Waambieni watoto kwamba Speke alifika hapo mwaka 1862, lakini kina baba na mama waliokuwa wakivua samaki pale walipajua kabla yake. Waonyesheni bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954, linaloitwa Nalubaale siku hizi, na daraja jipya la mwaka 2018. Jiografia ya darasa zima mtoto ameiona kwa siku moja.

Saa za uwanjani na saa za sala

Hapa ndipo nchi iliyo kwenye ikweta inapomfaa Muislamu. Kampala jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1 asubuhi, na Adhuhuri huingia kati ya saa 6:30 na saa 7 mchana na dakika chache, mwaka mzima. Baba aliyesali Alfajiri akaanza kucheza saa 1:15 amemaliza mashimo 18 kabla ya Adhuhuri, amekoga, amesali na familia, na mchana wote ni wao. Aliyepanga kuanza saa 5, Adhuhuri itamkuta katikati ya uwanja na Alasiri itamkuta anahesabu pointi. Kupanga ni kuchagua. Mwambieni anayewapangia safari kwamba mnataka nafasi ya kwanza ya asubuhi, na muiombe mapema, kwa sababu mwisho wa wiki wanachama hujaa.

Siku ya Ijumaa tunashauri isiwe ya gofu, au iwe mashimo tisa tu ya mapema. Msafiri ana ruhusa zake katika sala na masuala hayo muulizeni sheikh wenu, lakini ni jambo la kusikitisha mtu afike Kampala na watoto wake wa kiume, Ijumaa ipite akiwa anatafuta mpira kwenye majani.

Pombe, kamari na chakula

Tuseme wazi. Kwenye klabu nyingi za gofu, za Uganda na za kwingineko, mchezo ukiisha watu huhamia baa. Vilevile wachezaji wengi huwekeana fedha kila shimo, wakiita ni kuchangamsha mchezo. Dawa yake ni ya mapema. Unapopangwa na wachezaji wageni, sema kabla ya shimo la kwanza, kwa tabasamu, kwamba wewe huchezi kwa fedha. Wacheza gofu ni watu wa adabu, hakuna atakayekulazimisha. Na mchezo ukiisha uwe na miadi na familia yako. Mtu anayesubiriwa na mkewe na watoto kwa chakula cha mchana ana sababu nzuri kuliko zote za kuaga.

Chakula cha halali si kigumu kupata. Kwa desturi ya muda mrefu kazi ya kuchinja ng'ombe na mbuzi Uganda imekuwa mikononi mwa Waislamu. Pamoja na hayo ulizeni, maana nyama ya nguruwe inapendwa sana na wengine huku na baadhi ya majiko huchanganya vyombo. Samaki wa ziwani, sato na sangara, hawana shida. Matoke na mchuzi wa karanga watoto huyapenda, na ile chapati iliyoviringishwa na mayai, ambayo vijana wa Kampala huiita roleksi, itakuwa wimbo wao hadi mrudi nyumbani.

Mabinti nao

Kwa nini mchezo uwe wa baba na kaka tu? Gofu hauna kugongana wala kukimbizana, na mavazi yake yanaweza kuwa ya heshima: suruali pana, shati refu la mikono mirefu na hijabu. Ulizeni klabu kanuni zake za mavazi kabla ya kwenda. Uganda ina mfano: Flavia Namakula amefika ngazi ya mchezaji wa kulipwa. Sehemu ya kufanyia mazoezi ya kupiga mpira haihitaji saa tano. Baba akiwapeleka mkewe na watoto hapo jioni moja akawafundisha kushika fimbo, mchezo uliokuwa ukimwondoa nyumbani utakuwa umewaweka pamoja.

Fedha na maandalizi

Jambo la mwisho ni zito. Tunajua familia zinazokopa kwa riba ili zikapige picha mbele ya maghorofa ya watu, zikirudi ada ya shule inakuwa tatizo. Likizo isiyolipika si pumziko. Faida kubwa ya kwenda nchi jirani ni kwamba unaweza kuifupisha au kuirefusha kulingana na mfuko. Anayetoka Nairobi, Kigali au Bukoba anaweza kuja kwa basi. Fimbo huhitaji kusafiri nazo zote, maana klabu kubwa hukodisha. Uliza ada ya mgeni ni kiasi gani, kama raia wa Afrika Mashariki wana bei yao, na kama klabu yako ya nyumbani ina makubaliano na klabu ya huku. Na kedi atakayekubebea fimbo mlipe vizuri, kwa heshima, kwani huyo naye ana watoto wanaosubiri jioni.

Raia wa Tanzania, Kenya, Rwanda na Burundi hawahitaji viza. Wakenya na Wanyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, Mtanzania abebe pasipoti. Wanaotoka Oman waombe viza mapema kwa njia ya intaneti. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa, basi mchanjwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Malaria ipo, kwa hiyo chandarua na ushauri wa daktari. Na bodaboda za Kampala waachieni wenyeji, hasa mkiwa na watoto.

Ndugu zetu akina baba, hatusemi msicheze. Chezeni, tena mfurahi. Lakini kabla hujalipia uwanja, kaa na mama watoto, chukueni karatasi, andikeni saa za kila siku na nani yuko wapi. Mkiona karatasi nzima ni ya fimbo na mashimo, ipangeni upya. Mkiona kila mtu ana chake na adhuhuri mnakutana, basi fungeni mizigo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi wenyeji tupo, karibuni Uganda.